Mama Zizi na Kigoda cha Pili

Baada ya miaka thelathini na minane ya utumishi, Mama Zizi, msimamizi wa zizi la maziwa la chuo chetu, amestaafu rasmi Ijumaa ya mwisho ya mwezi huu. Ukiongeza miaka aliyokaa hapa kama mwanafunzi, hakuna hata mmoja wetu anayeweza kudai kwamba ndiye aliyempokea. Kamati ya sherehe imeniomba mimi, mwalimu wa lishe ya mifugo na jirani yake wa ofisi, niandike ukurasa mmoja juu ya kazi yake bila kutia chumvi. Chumvi sitatia. Hata hivyo, yapo mambo humu ambayo baadhi yenu yatawasisimua mwili, na kwa hayo naomba radhi mapema.

Alifika akiwa binti wa mjini ambaye, kwa maneno yake mwenyewe, alikuwa akimjua ng'ombe kwa picha ya kwenye pakiti ya maziwa. Siku ya kwanza alipigwa teke. Siku ya pili ndoo yake ndiyo iliyopigwa teke, na siku ya tatu alipiga yowe kabla hajaguswa na yeyote. Maisha ya mwanafunzi wa mifugo hayajabadilika sana tangu hapo. Unaamka wenzako wakiwa bado wanakoroma, unakamua, unafagia samadi, kisha unakimbilia darasani ukidhani umenawa vizuri, na watu wanaanza kuhama meza. Mlezi wa bweni aliapa kwamba mabuti ya zizini hayatavuka kizingiti chake, kwa hiyo yalipangwa nje ya mlango, jozi mbili mbili, yakielekea zizini.

Jozi ya pili ilikuwa ya mwenzake wa chumba. Mmoja alikuwa mrefu kama nguzo na mwingine akimfikia kiunoni, lakini kwa kuwa walipangiwa zamu pamoja, walisoma pamoja na kugombana pamoja, chuo kizima kilimwita huyo mfupi Pacha. Walimu wa zamani wanasema Pacha alikuwa na mkono mwepesi ajabu. Ng'ombe walikuwa wakimgeukia alipoingia tu, na maziwa yakaanza kudondoka yenyewe kabla hajavuta kigoda akae.

Wageni hawaijui sheria ya zizi letu, kwa hiyo niieleze. Mwanafunzi mmoja wa zamani aliwahi kuvunjwa mbavu na ng'ombe, akalala chini ya kiwele jioni nzima kwa sababu mwenzake alikwisha kuondoka. Tangu hapo, wakamuaji huingia wawili na kutoka wawili. Ukimaliza unaweka ndoo chini, unauachia mpini wake na kusema kwa sauti, "Nimemaliza." Mwenzako naye akisema hivyo hivyo, mnaondoka. Asiposema, unamngoja.

Katika muhula wao wa mwisho, jioni moja ya mvua kubwa, mtamba mmoja, yaani ng'ombe jike ambaye hajazaa, hakurudi na kundi. Pacha aliweka ndoo yake kando ya kigoda, akamwambia mwenzake anamfuata mtamba na atarudi sasa hivi. Kijito cha nyuma ya malisho kilikuwa kimefurika. Mtamba alirudi peke yake akitiririka maji. Mama Zizi alikamua safu yake, akakamua na ya mwenzake, akasema, "Nimemaliza," akakaa kungoja. Walinzi wa chuo walimkuta hapo hapo na kumwondoa kwa kumshika mikono. Mwili wa Pacha uliokotwa kesho yake, mbali kabisa, chini ya bonde.

Wiki ya mahafali, wenzake wote walipokuwa wakifunga mizigo, Mama Zizi aliomba kazi ya kufagia zizi. Kutoka hapo alipanda hatua kwa hatua: msaidizi, mkamuaji mkuu, mkufunzi wa vitendo, msimamizi. Kundi lilipopata ugonjwa wa miguu na midomo, alijifungia nalo zizini mpaka likapona. Ameinua ndama yatima wasio na idadi, na amewafundisha madaktari wa mifugo kuzalisha ng'ombe, madaktari ambao leo wanavaa tai na kujifanya hawakulia siku ile ya kwanza. Shamba moja kubwa lilimtaka mara mbili kwa mshahara mnono. Mara zote mbili alifunga sanduku, akafika nalo getini, akarudi nalo.

Na kila jioni, kwa miaka yote hiyo, aliweka vigoda viwili na ndoo mbili. Alikaa kwenye kimoja. Akimaliza alisema neno lake, akangoja kidogo, kisha akaziosha ndoo zote na kwenda zake bila kuaga.

Nilipoajiriwa niliona ni mazoea tu ya mtu mwenye uchungu. Mimi ni mtu wa mizani na vipimo. Lakini nimesimama zizini jioni nyingi, nami nimewaona ng'ombe wakiacha kucheua wote kwa pamoja, wakigeuza vichwa mlangoni, kisha wakikifuata kwa macho kitu kinachotembea taratibu mpaka kwenye kigoda cha pili. Hapo maziwa huanza kudondoka. Nimelitafutia jambo hilo maelezo. Ninayo matatu mazuri sana, na siamini hata moja.

Zilipokuja mashine za kukamulia, meneja mpya wa shamba aliamuru vigoda vitupwe stoo. Jioni hiyo kundi zima lilibana maziwa. Mafundi walipima mashine, daktari akapima viwele, nami nikaonja chakula chao kwa ulimi wangu mwenyewe. Ng'ombe walisimama wakiutazama ukuta pale kigoda kilipokuwa. Mama Zizi hakumcheka mtu. Alikwenda stoo, akarudi na vigoda vyake, akavipanga, na maziwa yakashuka kama bomba lililofunguliwa. Meneja alitueleza baadaye kwamba ilikuwa hitilafu ya umeme, ingawa siku hiyo umeme haukukatika. Kuanzia hapo ng'ombe waliozaa karibuni wakaendelea kukamuliwa kwa mkono, na vigoda havikuguswa tena.

Wanafunzi nao hawakosi utundu. Mmoja wao, bingwa wa mizaha, alikikalia kigoda hicho ili wenzake wacheke. Aliinuka kabla hawajaanza kucheka. Alisema kilikuwa na joto, kama kigoda ambacho mtu ameinuka sasa hivi, akaenda bombani kunawa mikono na kunawa tena. Leo ni daktari wa kuku.

Kwa nini basi hakuondoka mapema? Binti yake amekuwa akimwomba aende kuishi naye, awalee wajukuu, apumzishe goti ambalo siku hizi linagoma hata kwenye ngazi tatu. Mkuu wa chuo alimwongezea mkataba mara mbili kwa ombi lake. Alipomuuliza sababu, alijibiwa hivi: "Mwenzangu hajasema amemaliza. Nikiondoka, nani atamngoja?" Mkuu wetu, ambaye ana jibu la kila jambo, alisaini. Mwaka huu goti lilikataa kabisa. Ilibidi aondoke, neno lisemwe au lisisemwe. Wiki zake za mwisho hakula vizuri, na ninyi mliodhani analilia kazi mlikosea.

Jioni ya mwisho tulijaa zizini: wanafunzi, walimu, mkuu wa chuo na viatu vyake vya ngozi, na binti wa Mama Zizi akiwa amemshikia mama yake koti. Mama Zizi alikamua polepole kuliko kawaida. Aliuachia mpini wa ndoo, akasema, "Nimemaliza." Tukangoja. Mimi niliona aibu kwa niaba yake, kisha ng'ombe wote wakaacha kucheua, na aibu ikaniisha ghafla. Kila aliyewahi kukamua anaujua mlio wa mpini wa ndoo unapoachiwa ukagonga ubavu wa bati. Tuliusikia kutoka upande wa kigoda cha pili, ambako hapakuwa na mtu. Mpini ulikuwa bado ukitikisika. Neno lenyewe sikulisikia. Lakini Mama Zizi alilisikia, kwa sababu alicheka kicheko cha kisichana ambacho sijawahi kumsikia nacho, akapangusa mikono kwenye ovaroli na kusema, "Haya, mwenzangu. Tuondoke."

Alitoka bila kututazama, akichechemea, ameukunja mkono wake wa kulia kidogo kama mtu aliyeshikwa kiwiko. Ng'ombe waliwasindikiza kwa macho mpaka getini. Binti yake alifungua mlango wa nyuma wa gari apakie mizigo, akataka kuufunga. "Ngoja kwanza, mwanangu," akaambiwa. "Usimbane." Wakangoja kidogo, kisha mlango ukafungwa taratibu.

Kesho yake wanafunzi waliweka vigoda viwili kama kawaida. Hakuna ng'ombe aliyegeuka. Nilikikalia kile cha pili mwenyewe, na kilikuwa mti mtupu, baridi. Sikutegemea kwamba ningelia, lakini nililia, na ng'ombe walinitazama kama mtu aliyekosea njia.

Mama Zizi, ahsante kwa maziwa, kwa ndama, kwa madaktari uliotuletea, na kwa kutufundisha kungojana. Kapumzishe goti, uwadekeze wajukuu. Na wewe Pacha, ambaye chuo hiki hakikukupa cheti wala sherehe, pokea pongezi zetu pamoja na mwenzako. Tunawaombea siku njema huko mwendako. Ndoo zenu tumeziosha zote mbili.