Siku Niliyobishana na Filamu

Habari zenu, ndugu zangu. Mwenyekiti ameniomba nisimame, na mnajua mwenyekiti wetu hakataliwi. Nitasema kwa kifupi, tena bila machozi. Wanaotaka machozi wamngoje atakayenifuata.

Mnanijua kwa kuongea kupita kiasi. Basi nawaambia, kuna wakati sikuwa na hata neno moja. Mume wangu alipofariki tulimzika kwao Bukoba, nikarudi Mabatini, ng'ambo hii ya ziwa, na watoto watatu na mdomo umefungwa. Si kwamba niliweka nadhiri, maneno yalikuwa hayaji tu. Mtoto akiuliza chumvi iko wapi, namwonyesha kwa kidole. Watu walisema nimerogwa. Sikuwalaumu, hata mimi nilianza kuamini.

Habari zikawafikia shemeji zangu. Ukoo ukakaa, ukaamua watoto wagawanywe: mkubwa Muleba, wa kati Karagwe, mdogo kwa shangazi yake Bukoba mjini. Wakatuma ujumbe kwamba Jumapili wanakuja na meli kuwachukua. Hawakuwa watu wabaya, naomba mnielewe. Waliona bubu hawezi kulea. Nami nikaanza kufua nguo za watoto.

Jirani yangu, mama mmoja wa Kisukuma, alikuwa akikaanga mapanki kule Mirongo, nje ya banda la video. Mnayajua mapanki: viwanda vinapeleka minofu ya sangara Ulaya, sisi tunabaki na mifupa. Alikataa kuniacha peke yangu nyumbani, kila siku ananiburuta mpaka kwenye biashara yake. Ijumaa ile mvua ikanyesha, akanisukuma ndani ya banda. "Kaa humo, dada, utalowa bure. Nimeshaongea na mwenye banda."

Mikanda ilikuwa imeanza kuingia kutoka kila upande. Mle ndani mtafsiri ameshika kipaza sauti, anatueleza kwa Kiswahili, na asipoelewa anatunga. Filamu ilipoanza nikaitambua. Ilikuwa riwaya ya kale ya Kiingereza tuliyosoma kwa masista, ila wameivisha nguo za leo: penye farasi wameweka magari, penye barua wameweka simu. Kitabuni, mjane maskini anawaachia ndugu matajiri mwanawe, bila kusema neno. Miaka inapita. Siku moja wanakutana njiani, kijana anamsalimu kama mtu baki, anaenda zake. Kitabu kinaishia hapo. Darasa zima tulilia.

Kwenye filamu, ndugu zangu, walikutana uwanja wa ndege! Wakakumbatiana, muziki juu. Mtafsiri akapaza sauti, "Uchungu wa mwana aujuaye mzazi! Mtoto kamtambua mama!" Watu wakapiga makofi.

Nikajikuta nimesimama. "Uongo! Hakumtambua! Mtoto hakumjua mama yake!"

Vijana wakapiga miluzi. Mtafsiri akasema, "Mama, unatuziba. Kaa chini."

Nikamwambia sikai. Nikamweleza kitabu kinavyosema, na kwa nini yule mtoto hakumjua mama yake: kwa sababu siku ya kuchukuliwa, mama alinyamaza. Nilipolisema hilo niliogopa sana. Nilitoka nje. Jirani yangu alikuwa amesimama mlangoni analia, mapanki yanaungua.

Jumapili shemeji wakaja. Shikamoo zikapita, chai ikanywewa. Mkubwa wao akaanza, "Shemeji, tumekuja kama ukoo ulivyoamua..."

Kwetu mwanamke hamkatizi mkubwa. Nikamkatiza. "Watoto hawaendi."

Akawatazama wenzake. "Kumbe unaongea?"

"Naongea."

"Utawalisha nini?"

"Sijui bado. Lakini watanijua."

Wakapanda meli peke yao. Baada ya muda wakaanza kututumia ndizi na maharage, hadi leo. Nawashukuru. Namshukuru jirani yangu, aliyenivumilia nikiwa kama gogo. Ninalowaachia ni hili: mkimwona mtu amenyamaza kwa majonzi, msimletee pole tu. Mtafutieni jambo la kubishania.

Watu wanasema filamu zinaharibu vitabu. Ni kweli, zinaharibu. Lakini wale wa filamu wangeifuata riwaya neno kwa neno, ningelia kimya kimya na wenzangu mle bandani, na Jumapili watoto wangu wangepanda meli. Asanteni.