Bata wa Mama Matuta

Benchi liko mbele ya kinyozi, na mimi huweka jiko langu la kahawa ubavuni pake, mwanangu mgongoni. Mwaka huu mvua ilitusahau. Nyasi za uwanjani zilikauka hadi ukizikanyaga zinalia kama karatasi, na maji ya bomba yakawa yanakuja kwa zamu. Lakini kila Jumamosi mkokoteni wa Mama Matuta ulileta makapu ya mboga. Mwanzoni mwa msimu kila nyumba ilikuwa imemtolea mchango wake, kwa makubaliano kwamba shamba likizaa tutakula wote, na likikauka tutakosa wote. Jumamosi moja mkokoteni ulishusha makapu yetu, ukaendelea mtaa wa juu. Ukirudi ungechukua makapu matupu, madumu yetu, na jibu: nani anabaki msimu ujao? Niliogopa jibu hilo. Mwanangu alianza kula chakula kwa mchicha wa makapu hayo.

Kiraka, fundi viatu, alifunua gunia bichi lililofunika kapu lake, akanyamaza. Kwa Kiraka, kunyamaza ni habari.

— Tazameni jani hili, akasema mwishowe. Pana kama soli.

— Makubwa! akasema Babu Breki, dereva wa lori mstaafu. Kisima cha mama yule si kilikauka?

— Kilikauka. Niliona mwenyewe. Hata chura alikuwa amehama.

— Sasa maji ya wapi haya?

Profesa, ndiye kinyozi, husoma hata gazeti lililofungiwa misumari. Akakohoa.

— Hiyo ni sayansi. Chini ya shamba lake unapita mto. Unakuja chini kwa chini kutoka nchi ya mbali.

— Upite kwake tu, kwa jirani uruke?

— Mto nao una marafiki zake.

— Acha zako, Profesa. Mimi nimelala barabarani nusu ya maisha yangu, najua. Yule mama anavuna ukungu. Anatandaza mashuka, alfajiri anayakamua.

— Mashuka mangapi, Babu? Ya hoteli nzima?

— Wahenga walisema, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

— Mtoto ameingiaje hapa?

— Ukungu ni mtoto wa wingu, au hukusoma?

Tulicheka, hata mimi, nikajifunika mdomo kwa khanga. Kiraka hakucheka.

— Nyie chekeni. Mimi juzi jioni nimepita kwenye ua wa shamba lile, nikasikia linakunywa.

— Nini kinakunywa?

— Shamba! Glu, glu, glu. Kama mtu mwenye kiu. Na juu hapana wingu hata la kufutia miwani. Nywele zilinisimama. Ndiyo maana leo sikuleta dumu, na msimu ujao najitoa. Siku mwenye maji hayo akija kudai, atamdai nani? Sisi walaji! Maji yakimwagika hayazoleki.

Kiraka akijitoa, nusu ya mtaa itamfuata, maana viatu vyao viko kwake, na siri zao pia. Na bila michango, Mama Matuta atapanda kwa kitu gani?

Hapo akafika mpangaji mpya wa nyumba ya kona, kapu tupu mkononi.

— Shikamoo, babu. Habari zenu? Nimeambiwa hapa ndipo pa kujiunga na mboga.

— Marahaba, mwanangu. Kaa. Binti, mpe mgeni kahawa.

Alipokaa, kisigino chake kiligonga dumu chini ya benchi.

— Na haya madumu?

— Maji ya kuoshea mchele na mboga, akasema Profesa. Yasiyo na sabuni. Kila nyumba inakusanya yake, mkokoteni unampelekea Mama Matuta.

— Anayafanyia nini?

— Anawapa bata wake, akasema Kiraka.

— Maji ya mtaa mzima? Ana bata wangapi?

Babu Breki akamgeukia kinyozi.

— Profesa, si wewe uliyewaona?

— Mimi niliambiwa na Kiraka.

— Mimi niliambiwa na Babu.

— Mimi nilikisia tu, akasema Babu. Nani anaomba maji machafu kama hana bata?

— Sauti zao mmezisikia? akauliza mgeni. Hata yai moja kapuni?

Profesa alivua miwani, akaangalia mtaa. Nami nikaangalia. Kila mlango ulikuwa na dumu lake la njano, limesimama likingoja, mlango kwa mlango hadi barabara inapokata kona. Nilikuwa nayapita kila siku. Leo niliuona mto wa Profesa.

— Kwa hiyo, akasema Kiraka polepole, akilishika lile jani kwa ncha za vidole, hili ni maji ya mchele wangu?

— Yako, na ya yule, na ya yule.

Hakuna aliyetia methali.

Babu Breki akanyoosha kikombe aongezewe. Nikainamisha birika, hakikutoka kitu. Basi nikasuuza vikombe kwenye beseni, nikalinyanyua ili nimwage barabarani kama siku zote.

— Wee, binti! Unamwaga nini?

Kiraka alikuwa ameshakimbilia kibandani kwake. Akatoka na dumu tupu, akapiga goti mbele yangu, akalishika kwa mikono miwili.

— Mimina humu. Taratibu.

Nikamimina.

Glu, glu, glu, likasema dumu.

Kiraka akainua macho, akanitazama. Kule kona, magurudumu ya mkokoteni yakaanza kusikika.