Sufuria Yangu Haikuwa na Sumu

Bwana asifiwe, kanisa! Mimi ni Mama Zawadi, mpishi. Kule Salamabila, kwenye machimbo ya dhahabu, watu walikuwa wanapita vibanda vya wengine wakija kula sombe, majani ya muhogo, kwangu. Sijivuni bure, ndugu zangu, naeleza tu mambo yalivyokuwa!

Kisha mume wangu Musafiri akaanza kukonda. Mtu aliyekuwa akibeba mifuko ya mawe huku anaimba! Macho yakageuka manjano, miguu ikavimba, tumbo likajaa maji. Ndugu zake wakakaa kikao, wakasema amelishwa sumu. Na anayempikia ni nani? Mimi! Shemeji yangu mkubwa akanikazia macho: "Kikulacho ki nguoni mwako. Wewe njo unamupikia kila siku."

Wakamnywesha dawa ya majani ili aitapike hiyo sumu. Alitapika, sumu haikuonekana, na hali ikazidi kuwa mbaya. Wateja wangu wakaisha. Mama mkwe akaja kutoka Kabambare, chakula chake amekibeba mwenyewe kikapuni. Ndugu zangu, kikapu kile kiliniuma kuliko matusi! Wakapanga kwamba Musafiri akifa, mimi nifukuzwe, watoto wabaki kwao.

Nilimlilia Mungu, naye akanipa ujasiri. Nikasema tunaenda lopitali Kasongo, na shemeji anakuja asikie mwenyewe. Musafiri tulimfunga kwa kitenge kati ya dereva wa pikipiki na mimi, na njia ile ya mashimo na matope mnaijua. Shemeji alitufuata kwa pikipiki yake.

Daktari akapima damu, akamwangalia tumbo kwa mashine. "Mama, hii haiko sumu," akasema. "Iko virusi ya hepatite B. Pengine aliipata akiwa mutoto."

Akatueleza kwamba virusi hivyo hukaa kwenye ini miaka mingi, kimya kabisa, mtu anafanya kazi zake. Huku vinaliumiza ini kidogo kidogo. Kila jeraha likipona linaacha kovu, kovu juu ya kovu, mpaka ini linakuwa gumu, damu inakosa njia nzuri ya kupita, na maji yanajaa tumboni. Na dawa zile za majani huenda zilimdhuru zaidi. Nikamwambia, "Munganga, sema tena, shemeji asikie muzuri." Akasema tena! Akaongeza kwamba ugonjwa huu hauambukizwi kwa kula sahani moja. Shemeji akainama kutazama viatu vyake.

Mpaka leo Musafiri anameza kidonge kila siku, na pombe ameiacha. Daktari hakutuficha: makovu mengine yatabaki. Lakini virusi vimetulizwa, maji yamekauka, macho ni meupe. Simama, Musafiri, wakuone! Mimi na watoto tulipimwa, hatunavyo, tukachanjwa.

Na mama mkwe? Tuliporudi, nilipika sombe na bugali. Akanawa mikono, akamega wa kwanza. Msamaha hakuomba, ila tonge la pili lilikuwa kubwa kuliko la kwanza!

Ndugu zangu, wewe unayesingiziwa, mtegemee Mungu ajuaye yaliyofichika. Na wewe mwenye macho ya manjano, usimtafute mchawi, nenda upimwe damu. Leo wazee wa kanisa wamenipa mimi kupika chakula cha sikukuu. Zile sufuria nyuma ya kanisa ni zangu. Tukimaliza kuomba, karibuni wote mle. Mama mkwe ndiye anayepakua.