Shoka la Kale la Mfaume

Mwongo mimi namtambua kwa kisogo tu, ingawa mume wangu wa kwanza nilimtambua baada ya miaka kumi na moja. Enzi hizo za Mwingereza nilikuwa na abiria wenzangu juu ya lori la pamba, natoka Mtunda kwenda Kibiti. Mbele yangu waliketi wanaume wawili wasiojuana.

Mmoja, Mfaume, alipakata jiwe kama kichanga. "Nimelichimbua shambani, mzee wangu. Shoka la watu wa kale. Yule Mzungu wa mawe akiliona, ananiandika mnyapara wa wachimbaji wake."

Mwenzake, mzee Kondo, aliwahi kumchekechea Mzungu huyo udongo msimu mzima. Akaligeuzageuza. "Jiwe likivunjika lenyewe huvunjika ovyo. Hili limebanduliwa huku na huku mpaka likapata makali. Ni mkono wa mtu, sikatai."

"Si mmeona!" Mfaume akatutazama sote, hata mimi nisiyeulizwa.

"Ila makovu ya kubanduliwa kale huchakaa, yakafanana rangi na jiwe. Haya meupe kama nazi."

"Nimelisugua kwa mchanga, mzee."

"Sawa, mwanangu," Kondo akasema kwa upole. "Basi tatizo ni moja. Mzungu hutaka na vile vipande vilivyobanduka. Bila hivyo, haandiki mtu."

Lori lilishaanza kupunguza mwendo. Mfaume akaona unyapara unamponyoka. "Vipo, mzee! Vyote vipo! Mke wangu kavifagia jana uani, kavirundika nyuma ya kinu!"

Lori likasimama Kibiti. Hakuna aliyeshuka.