Mistari Kumi na Mmoja ya Mama Kiini

Ijumaa hii, tarehe thelathini, mwenzetu wa chumba cha mwisho ghorofa ya tatu anastaafu. Kwa miaka thelathini na mmoja ametunza kiini cha mfumo wetu, ile sehemu ya ndani kabisa ya kompyuta ambayo kila programu lazima iiombe ruhusa. Ndiyo maana tunamwita Mama Kiini.

Ana tabia ya kufumba macho anapofikiri, chai ikipoa mezani na pazia likipepea taratibu nyuma yake. Bosi mmoja mgeni alidhani amelala, akaenda kuandika barua ya onyo. Aliporudi nayo, Mama Kiini alifumbua macho, akamtajia mstari wa programu wenye hitilafu iliyotusumbua mwezi mzima. Barua ile ilirudi mfukoni.

Mwaka huu nilimchokoza mimi. Ndani ya kiini kulikuwa na kiraka chake cha zamani, nyongeza ya mistari kumi na mmoja ya maelekezo, kwa ajili ya programu moja tu inayosoma maandishi kwa sauti. Programu hiyo ina pupa: huanza kusema kabla spika hazijawa tayari, ikakwama. Haraka haraka haina baraka. Aliyeitunga alishafariki na hakuna awezaye kuirekebisha, basi kiini kiliitambua kwa jina na kuisubirisha nusu sekunde.

Nililivalia njuga suala hilo. Nilisema kiini hakipaswi kuwa na mtoto kipenzi, nikataka mistari ile ifutwe, nikaleta takwimu kikaoni: hakuna kompyuta hata moja iliyoripoti kutumia programu hiyo. Kikao kizima kilikuwa upande wangu. Mama Kiini alifumba macho kwa muda mrefu, kisha akasema, “Mwanangu, kabla hujafuta, shuka mapokezi ukamsikilize dada yetu anavyosoma barua zake.”

Nilishuka. Dada yetu wa mapokezi haoni. Kila asubuhi nilimsalimia na kupita, nisijue kwamba sauti ile ya kukwaruza kwenye meza yake ndiyo programu yenyewe. Kompyuta yake haijaunganishwa na mtandao, mfumo mpya huwekwa kwa mkono, hivyo isingeripoti kitu. Ningefuta mistari ile, angekaa mbele ya mashine bubu, na kazi yake ingeishia hapo. Niliona aibu, na bado ninaiona.

Cha ajabu, Mama Kiini alikubali kwamba kanuni yangu ni sahihi. Akatumia likizo yake ya mwisho akiketi mapokezi na dada yetu, wakitengeneza kiprogramu kidogo, nje ya kiini, cha kufanya kazi ya kusubiri. Wakati mwingine wote wawili walifumba macho wakisikiliza, usijue nani anamfundisha mwenzake.

Jumatatu alifuta mistari yake kwa mkono wake mwenyewe. Tukashuka sote, tukaweka mfumo mpya kwenye kompyuta ya mapokezi. Dada yetu aliwasha mashine, akafungua rasimu ya wasifu huu, akabonyeza. Kimya. Nusu sekunde ilirefuka kama mchana wa Jumapili. Kisha ile sauti ya kukwaruza ikaanza: Ijumaa hii, tarehe thelathini, mwenzetu wa chumba cha mwisho ghorofa ya tatu anastaafu.

Mama Kiini alikuwa amefumba macho, lakini mashavu yake yalikuwa yamelowa.

Asante, mama, kwa kutusubiri na sisi wenye pupa. Nenda ukapumzike, maisha yako mbele yawe mema, na chai yako uinywe ingali moto.