Kamis Wahabi wa Chumba cha Plasta Apata Boti Yake ya Kwanza

Ijumaa ya tarehe 28 Februari 1975, Bwana Kamis Wahabi atavua aproni yake katika chumba cha plasta, hapa Hospitali ya Mulago, baada ya utumishi wa miaka ishirini na tisa. Sisi tuliofanya kazi naye tumeombwa tuandike machache juu yake kwa ajili ya jarida la wafanyakazi. Kwa mtu kama Kamis, machache ndiyo kazi ngumu.

Alizaliwa Bombo katika familia ya Wanubi, mtoto wa askari. Alikuja Kampala akiwa kijana, akapanga chumba Kisenyi, na mtaa huo hajauhama mpaka leo. Anaishi hapo na mkewe, Mama Kaltumi. Mwaka 1946 aliajiriwa kufagia wodi. Alifagia miaka mitatu. Siku moja daktari alikosa mtu wa kumshikia mguu wa mgonjwa, akamwita yeye. Kamis aliushika mguu ule bila kutikisika mpaka plasta ikakauka, na baada ya siku hiyo hakurudishiwa ufagio.

Kazi yetu ina dakika moja mbaya, ile ya kuurudisha mfupa mahali pake. Kamis aligundua mapema kwamba mgonjwa akizungumzia kitu anachokipenda, dakika hiyo humpita kwa urahisi zaidi. Wavuvi wa Ggaba na Luzira walipoletwa wamevunjika, aliwauliza swali lilelile: boti yako ya kwanza uliichaguaje? Mvuvi alianza kueleza, na kabla hajamaliza, mfupa ulikuwa umeshakaa. Hivyo ndivyo mtu asiyewahi kumiliki hata kasia alivyokuja kujua boti kuliko wengi walio nazo. Wauguzi wapya walidhani aliwahi kuwa nahodha.

Amefundisha wafunga plasta kumi na wanne. Hakuwa mkali, ila kwa wagonjwa wakaidi. Mwaka 1963 alimfunga mkono mpishi mmoja wa jikoni kwetu, na kesho yake akamkuta anasukuma chapati kwa mkono uleule. Alimrudisha chumbani, akamfunga upya mpaka begani.

Mwaka jana alitutangazia kwamba akistaafu atanunua boti ya kuvulia. Binti yao, Rukiah, ameolewa Mombasa, upande wa Likoni, na wazee wamekubaliana kukaa nusu ya mwaka huko na nusu huku. Kwa hiyo boti moja ilipaswa kufaa maji baridi ya ziwa na maji chumvi ya bahari, tena iingie ndani ya behewa la mizigo. Katika Jumamosi tatu za kuitafuta alifuatana nami, Sista Concy Acan, mwandishi wa makala haya, pamoja na Faruk wa stoo ya dawa.

Jumamosi ya kwanza tulikwenda Ggaba. Tulionyeshwa mtumbwi wa mbao wa futi ishirini na nane, umepakwa rangi nyekundu. Faruk aliupenda hapohapo. Kamis alizunguka akiugonga kwa vifundo vya vidole, kama anavyogonga plasta kusikia kama imekauka. Kisha akamwomba Faruk apande, asimame ukingoni, aone mtumbwi utalala kiasi gani. Ulilala sana. Faruk tulimtoa majini akiwa na kiatu kimoja.

"Kwa watu wanne wenye nguvu ni mtumbwi mzuri," Kamis alimwambia mwenye mtumbwi kwa heshima. "Mimi nitakuwa na mke wangu tu. Na misumari hii ya chuma, chumvi ya Mombasa itaila kabla ya mwaka kwisha."

Jumamosi ya pili ndiyo iliyotupa shida. Afisa mmoja wa jeshi, ambaye jina lake si la lazima hapa, alikuwa amevunjika mkono miaka miwili nyuma, na Kamis ndiye aliyemtibu. Aliposikia habari ya boti alituma gari lituchukue mpaka nyumbani kwake. Nyuma ya nyumba, chini ya turubai, palikuwa na boti ya faiba, nyeupe, ya futi kumi na tatu, na injini yake. Chumvi haiwezi kuila faiba. Watu wanne wangeibeba. Kila alichokuwa akikitafuta kilikuwa humo.

"Mkono hii wewe ndiyo ulitengeneza, mzee," afisa alisema akiunyoosha. "Chukua boti. Zawadi. Sisi wote ni watoto wa Bombo."

Kamis alipitisha kiganja juu ya ukingo wa boti, polepole, mpaka karibu na injini, akasimama pale. Mwandishi alidhani mzee ameona ufa.

"Afande, nakushukuru," alisema. "Lakini siwezi kuichukua."

"Ina ubaya gani?"

"Haina ubaya. Mwenye boti hii alikuwa Bwana Kanani, muuza vitambaa. Mwaka 1969 nilimfunga mguu, akanieleza jinsi alivyoichagua na wanawe, na jinsi mwanawe mdogo alivyoikwaruza hapa kwa nanga siku ya kwanza. Mkwaruzo ni huu. Walipoondoka nchini na Wahindi wenzao mwaka 1972 waliiacha, hawakuiuza. Nikikaa humu nitakuwa nimekaa kwenye kitu cha mgonjwa wangu."

Dereva wa afisa alitazama viatu vyake. Mtu kama yule hakataliwi zawadi, na sote watatu tulilijua hilo. Faruk aliniambia baadaye kwamba alikuwa akifikiria watoto wake. Afisa alimtazama Kamis, kisha akautazama mkwaruzo muda mrefu, akainama akaugusa kwa kidole.

"Funika," alimwambia dereva. Halafu, bila kugeuka: "Wapeleke nyumbani."

Tulimwomba dereva atushushe Wandegeya, karibu na hospitali. Tuliketi kwenye mkahawa wa kwanza tuliouona. Kamis aliagiza chai ya watu watatu, akaisahau yake mpaka ikapoa. Wakati wa kuandika wasifu huu tulimwuliza kama jambo hili tuliache. Alijibu, "Liandike. Nililisema mbele yake." Afisa hajaleta neno lolote tangu siku hiyo.

Jumamosi ya tatu ilikuwa Luzira, kwa fundi wa boti Ongom, mtu mpole wa kabila la Lango aliyewahi kufungwa plasta kwetu mara mbili. Alikuwa amemaliza boti ya mvule ya futi kumi na nne, kifua chake kimepanuka ili mawimbi mafupi ya ziwa yasiilaze, na mkuku wake, ule uti wa chini, ni mfupi ili iweze kupita kwenye maji madogo ya Likoni. Kamis aliuliza habari ya misumari. Ongom alikwangua rangi kidogo kwa kisu, shaba ikang'aa. Tuliijaza maji, tukala mihogo, tukarudi kuitazama: chini pakavu, isipokuwa tone moja karibu na tezi, upande wa nyuma, ambalo Ongom aliliziba kwa kalafati palepale. Ni nzito kuliko ile ya faiba, inataka watu sita. Faruk aliombwa tena asimame ukingoni. Alivua viatu kwanza. Safari hii alibaki juu.

"Hii," Kamis alisema, akapanda, akaketi katikati, akakaa humo mpaka Ongom akaenda zake kuendelea na randa. Alipotoka alikuwa anacheka peke yake.

Juzi Kamis na Mama Kaltumi walitoka nayo ziwani. Walirudi na samaki watatu aina ya ngege, wawili kati yao wamevuliwa na Mama Kaltumi.

Mzee Kamis, watu wanaotembea leo mjini kwa miguu iliyonyooka ni wengi, na hawalijui jina lako. Sisi tunalijua. Asante kwa miaka ishirini na tisa, na asante kwa ile Jumamosi ya pili. Tunawatakia wewe na Mama Kaltumi afya, samaki, na uzee wenye raha, huku na huko.

Boti itapakiwa kwenye treni ya Mombasa Jumamosi ya tarehe 8 Machi, saa mbili asubuhi, stesheni ya Kampala. Wabebaji sita wanatakiwa. Mpaka jarida hili linakwenda mtamboni, waliojiandikisha ni thelathini na wanane.