Wen Lianzhu, Binti Aliyefyeka Kaburi la Baba Yake

Wen Lianzhu alikuwa binti wa Wen Shuigen, aliyejenga daraja la mawe la Shangping, na mjukuu wa Bibi Liao, aliyebeba mifupa ya mumewe mgongoni kutoka vitani ili ikazikwe kwao. Alizaliwa Shangping, magharibi mwa Fujian, tarehe 9 Novemba 1938.

Alisoma shule ya msingi ya kijiji hadi darasa la nne. Wanaonong'ona kwamba hakusoma, wajue alisoma. Baadaye alichuma chai mlimani mpaka uzeeni, na hakuna aliyewahi kumtangulia kufika shambani.

Mwaka 1957 aliolewa na Qiu Desheng wa ng'ambo ya mto.

Kaka yake wa pekee, Huosheng, alifariki mwaka 1982 bila mke wala mtoto. Mwaka uliofuata, siku ya Qingming, kila ukoo ulipanda kusafisha makaburi ya wazee wake. La Shuigen na mkewe lilikuwa limemezwa na majani, maana kwetu binti akishaolewa hafagii kaburi la kwao. Lianzhu akapanda na mundu, mchana kweupe. Baba yake mkubwa, Wen Tingkui, akamzibia njia.

"Binti aliyeolewa ni maji yaliyomwagika. Hayazoleki!"

"Hayazoleki, Baba Mkubwa, ila ndiyo yaliyootesha majani haya. Sogea, nisije nikakufyeka na wewe."

Akafyeka. Akayapaka maandishi ya kaburi rangi nyekundu, akaweka karatasi za sadaka na kuzikandamiza kwa jiwe. Alipomaliza akamkatia mzee kipande cha keki ya mchele. Mzee akakataa, mkewe akakipokea, akala, akaomba kingine. Tangu hapo Lianzhu hakukosa hata mwaka mmoja. Walipomnyima mwaliko wa karamu za ukoo, alisema karamu zenyewe zina chumvi nyingi.

Novemba 2018 mapafu yalianza kumsumbua. Alifariki nyumbani alfajiri ya tarehe 27 Machi 2019, Qingming ikiwa imekaribia.

Ameacha wana wawili, Rongfa na Rongbin, binti mmoja, Yuezhen, wajukuu saba, na wifi yake Qiu Jinlan, aliyeandika haya. Alale kwa amani. Ugomvi ametuachia sisi.

Jioni yake ya mwisho alimwita Yuezhen, ambaye naye ameolewa mbali.

"Kaburi la babu na bibi yako ni lako sasa."

"Mama, si watanifukuza?"

"Watakufukuza, ndiyo. Usipite njia ya nyuma. Pita katikati ya kijiji wakuone, na ukifika juu waite wazee wako kwa majina, kwa sauti, mpaka huku bondeni wasikie."